Makao Maalumu

Ukumbi wa Tononoka una feni sita,
nne zimekufa.
Leo tumeitwa kutoa maoni juu ya dhamana:
nani akae ndani, nani akalale kwao,
na shilingi ngapi zisimame kati yao.

Taibu wa Mtopanga kasimama wa kwanza,
kainua mkono wa kushoto. Vidole viwili havikunjuki.
"Walinikata saa mbili usiku nikifunga duka.
Jumatatu wakafikishwa kortini.
Jumatano mmoja wao akaja dirishani kwangu
kununua vocha ya hamsini.
Akanihesabia sarafu moja moja, polepole.
Mjomba wake alikuwa na hati ya shamba Vipingo,
mimi nilikuwa na nyuzi kumi na saba.
Basi niambieni, enyi wasomi,
kati yangu na yeye, nani aliyefungiwa?"

Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga.

Kisha Mbeyu, muuza viazi karai wa Bombolulu,
akataka kusema kwa Kigiriama,
wakanitafuta mimi, maana ndiyo kazi yangu:
mwaka wa kumi na nne huu nasimama kizimbani bila kosa,
nikichota maneno ya huyu kumpelekea yule,
na kila mchota maji humwaga kidogo njiani.

"Mwanangu Nzai alishikwa na mtungi wa gesi,
ule mdogo, wa kilo sita.
Kama aliuiba sijui, sikuwepo.
Hakimu akasema elfu ishirini.
Karai langu huniletea mia nne, siku ya mvua haliniletei kitu.
Hesabu fanyeni nyinyi.
Miezi tisa akakaa Shimo la Tewa,
na mwenye mtungi hakuja kortini hata siku moja.
Kesi ikafutwa. Akarudi na kikohozi,
na siku hizi akila huikinga sahani kwa mkono,
hata tukiwa wawili tu."

Nikatafsiri. Sauti haikutetemeka, imezoea.
Ila nilimkumbuka huyo kijana.

Faili thelathini na moja asubuhi ile,
hakimu anatazama saa, anauliza: ana makao?
Na Nzai akajibu bila haraka
kwamba wiki hii analala kwa mamake,
wiki ijayo kwa mjomba Utange, penye kazi ya mjengo,
na nyanya akiugua huenda Kaloleni kumpalilia mahindi,
na kote huko anajulikana, aulizwe yeyote.

Nikamgeukia hakimu kwa Kiingereza changu kilichonyooka:
hana makao maalumu.

Maneno matatu. Hayakunilemea hata kidogo.

Sasa wanabishana.
Wakili asema dhamana ni haki, imo katika katiba.
Inspekta asema haki nayo ina majirani.
Mtu wa nyuma kapaza sauti: "Wa gesi waachilieni, wa mapanga wafungeni!"
Mwingine akamjibu: "Utawajuaje?
Wa panga naye alianza na gesi!"
Na hapo wote wakasema kwa pamoja,
hata nikashindwa nitafsiri lipi.
Taibu alikuwa akimvutia Mbeyu kiti
kwa mkono ule mbovu.
Mbeyu hakukikalia. Alikishika tu mgongo.

"Mkalimani, unalo la kuongeza?"
Nikasema sina.

Mlangoni wakatugawia fomu:
Jina. Makao. Maoni.
Jina nililiandika upesi.
Kwenye Makao nikaandika: chumba cha kupanga Mikindani,
ila maji yakikatika nalala kwa dada, Changamwe,
na mwezi wa Ramadhani kwa mamangu, Majengo,
mlango wa pili ukishapita kinyozi,
na kote huko najulikana, niulizwe kwa yeyote,
nikaendelea kuandika, kalamu ikashuka
mpaka ndani ya kisanduku cha Maoni,
na karani ananiambia, Bi mkubwa, fupisha,
kuna watu nyuma yako.